Waholanzi Wakicheka Msibani Ni Elimu

Sikudhani, mke mwenzangu,

Umetoka kwenda kuagana na rafiki zako, umeacha taa zote zinawaka na begi limelala mlangoni kama ng'ombe aliyegoma. Nimeliruka. Bibi mgonjwa ameruka begi. Ukimwona baba yako, mwambie na hilo.

Mambo ya soksi, sweta na dawa ya kikohozi sitayagusa. Mama yako amekuimbia hayo tangu mwezi uliopita mpaka hata mimi nimeanza kukohoa. Mimi nina neno moja tu. Nikikuambia kwa mdomo unajibu "oke Bibi, oke", macho kwenye simu, kwa hiyo nimeamua kuliandika. Karatasi haisikii oke. Unajua sikukanyaga shule. Herufi nilizidokoa kwa baba yako alipokuwa darasa la kwanza kule Kisarawe, yeye anasoma kwa sauti, mimi napepeta mchele pembeni. Nikikosea mahali, cheka, kisha endelea kusoma.

Nianzie kwa hao Waholanzi wako.

Siku uliyoniambia unakwenda Uholanzi kusoma, nilifurahi. Nikajua ni udaktari, au yale mambo yao ya kuzuia maji ya bahari. Nikakuuliza, "Unakwenda kusomea nini?"

"Majirani, Bibi."

"Majirani gani?"

"Wa mji unaitwa Leiden. Wa miaka mia nne iliyopita."

"Wamekufa?"

"Bibi, please. Ndiyo, wamekufa."

"Wote?"

Ukaondoka jikoni. Nikabaki na vitunguu vyangu. Hapa Kanada, kwenye ukumbi wetu Scarborough, ghorofa yetu hii hii, wako majirani wazima, wanapumua, wanakaanga samaki, watoto wao wanalia. Ukikutana nao kwenye lifti unatazama namba zinavyobadilika utadhani ndiyo mara ya kwanza unaziona. Lakini uvuke bahari kwenda kuwasalimia waliokwisha oza! Nikasema, haya, kila mtu na kazi yake.

Hata hivyo nilikusikiliza, usiseme sikukusikiliza. Kila jioni ulipokuwa unakula ulikuwa unanieleza kwa Kiswahili chako cha kuchechemea, na mimi nilikuwa nauliza. Ukaniambia nchi ile haikuwa na mfalme wakati karibu nchi zote za Ulaya zilikuwa na wafalme. Miji ilijitawala yenyewe, matajiri wachache wakipeana vyeo kama watu wanavyopeana sahani harusini. Ukaniambia Leiden ilijaa wageni, wafuma nguo waliokimbia vita huko kusini, wamebanana vyumbani, lafudhi zao zinachekwa. Na kila kichochoro kilikuwa na umoja wake, na mkubwa wake, na kwa mzaha wakajiita mabwana na wafalme wa kichochoro. Hapo nilicheka. Nchi haina mfalme lakini kila kichochoro kinaye!

Kisha ukaniambia kanuni ya hizo jumuiya: mtu wa kichochoro akifa, majirani lazima waje. Si kuombwa. Lazima. Mwenyeji na mgeni, anayempenda na asiyempenda. Wanalibeba jeneza wao wenyewe hadi kanisani, wanamlaza chini ya sakafu, na asiyetokea anatozwa faini. Tena yuko mtu wa kazi hiyo tu, kavaa nyeusi, anakwenda mlango kwa mlango kutangaza kwamba fulani amefariki. Hapo nikaacha kukata bamia. Nikakuambia, "Hawa watu wana akili." Ukafurahi mpaka ukanibusu. Unakumbuka?

Nilikuuliza pia kuhusu wale wengine, hao Waholanzi waliopanda meli wakaenda kuwaua watu wa visiwa vya kungumanga ili wauze wao peke yao. Nilikuuliza kama nao huko waliwazika jirani zao wapya na kuwabebea majeneza. Ukasema, "Bibi, hilo ndilo swali gumu." Nikasema basi na hilo lisome, usije ukarudi na nusu ya watu. Tangu siku ile nikiparuza kungumanga kwenye maziwa mkono wangu unasita kidogo. Umeniharibia hata maziwa.

Kwa hiyo usifikiri naidharau kazi yako. Kinachonichoma ni kingine, na unakijua, na tangu Februari tunazungukana humu ndani kama paka wawili.

Mzee Maganga.

Mzee Maganga, Mungu amrehemu, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na mimi ni Mzaramo. Kwa mtu wa kwetu ningeishia hapo, angeelewa yote. Kwa wewe inabidi nieleze, na hapa ndipo kosa langu lilipo, nalikubali. Nilidhani utani unarithiwa kama pua. Pua umeichukua yangu, basi nikajua na mengine yamo. Sikukuketisha hata siku moja nikakuambia kwamba zamani Wanyamwezi walishuka pwani na mizigo vichwani, wakapita kwetu, tukagombana nao, tukapatana. Na mapatano yenyewe ni haya: tutatukanana bila kukasirikiana mpaka dunia iishe, na siku mmoja akifa, mwenzake atakuja. Mtani haalikwi msibani. Anakuja, anavaa nguo ya marehemu, anamwigiza alivyotembea na alivyonung'unika, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, kuku, kanga, hata chumvi ya kufunga kwenye karatasi. Waliofiwa wamekakamaa kama kuni. Yeye kazi yake ni kuwalainisha.

Nililijua hilo tangu utotoni, lakini nilikuja kulielewa siku ya babu yako. Nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka, kijana bado, sijalia hata chozi, na wanawake wananong'ona kwamba pengine sikumpenda. Akaingia mwanamke mmoja wa Kinyamwezi ambaye nilimjua kwa sura tu. Akavaa kofia ya babu yako, akaanza kunidai chai kwa sauti yake ile ya puani. "We mwanamke, chai haina sukari, au sukari umewapelekea ndugu zako?" Maneno yake yenyewe! Nikanyanyuka nikampiga na mwiko. Alikwepa, akaunyakua ule mwiko, akakimbia nao uani, akasema hautoki mpaka niukomboe. Nikamfukuza. Nikamfukuza nikizunguka jiko, na katikati ya kukimbia kicheko kikanitoka, na nyuma ya kicheko kikatoka kilio, kilio hasa, nikaanguka chini na yule mwanamke akanikumbatia na kofia ya marehemu ikiwa bado kichwani kwake. Nisingeona mlango wa kutokea mimi. Yeye aliubomoa.

Basi huku Kanada Mzee Maganga akaja kukaa milango miwili kutoka kwetu. Miaka yote ile ulikuwa unatusikia kwenye lifti na kuziba masikio. Ananiambia, "We Mzaramo, bado hujafa? Ngoma zimekwisha huko mjini?" Namjibu, "Nakusubiri wewe utangulie nile pilau yako. Hebu nibebee huu mfuko, kazi yenu tangu enzi za mababu." Na anaubeba! Mzee yule, na magoti yake yaliyokwisha, anaubeba mfuko wangu wa unga kutoka kituo cha basi, theluji hii hapa, huku ananitukana mpaka mlangoni. Wewe ulisema, "Bibi, kwa nini mnagombana kila siku?" Nikasema, "Hatugombani." Nikaishia hapo. Ona uvivu wangu! Maneno mawili zaidi yangetuokoa sote.

Siku alipokufa, mkewe Mama Kabula aligeuka jiwe. Halii, hali, hasemi. Watu wanakuja na vyakula kwenye mabakuli ya plastiki, wanakaa, wanatazama viatu vyao, wanaondoka. Siku ya kumtoa tukaenda kwenye ile nyumba ya mazishi yenye zulia na harufu ya maua ya dukani. Padri amemaliza. Nikamwangalia Mama Kabula, nikaona mimi mwenyewe kwenye mkeka. Nikavaa koti la Mzee Maganga, lile kubwa la kijani, juu ya kanga zangu. Nikatembea kama yeye, mguu mmoja unaburuta, nalalamikia basi la Markham Road kwa sauti yake. "Dereva gani huyu! Ananiona nakimbia halafu anafunga mlango! Mimi chifu wa Unyanyembe!" Na Mama Kabula akacheka. Ulimwona. Akacheka, mikono usoni, mabega yanatikisika, kisha akaanza kulia na watoto wake wakamshika. Imefunguka, nikasema moyoni, alhamdulillahi. Nikaenda kusimama mbele ya jeneza nikatandaza mikono. "Mnyamwezi hatoki! Ana mizigo yangu! Hatoki mpaka nipewe haki yangu!"

Hapo ndipo yule bwana wa suti nyeusi akaja mbio. Na wewe ukawahi kabla yake, ukanishika mkono, hapa juu ya kiwiko, ukanibana. Ukamwambia kwa Kiingereza, samahani sana, bibi yangu ana dimensha, hajui alipo.

Sikudhani. Kiingereza changu ni cha kununulia nyanya, lakini neno hilo nalijua, ni ule ugonjwa wa wazee wa kusahau. Katika jengo hili la wazee na wagonjwa, neno hilo linatembea ukumbini usiku na mchana. Hajui alipo! Mimi nilikuwa mtu pekee mle ndani aliyejua hasa yuko wapi na amekuja kufanya nini.

Wakaniletea kiti cha magurudumu. Nikakaa. Ndiyo, nilikaa! Si ugonjwa ulionikalisha, ni neno lako. Wakanisukuma hadi kwenye chumba kidogo wakanipa maji kwenye kikombe cha karatasi, na Mzee Maganga akatolewa mlangoni bila mtu wa kumzuia, kama kifurushi.

Ningenyamaza hapo. Binti ameona haya, nikasema, yatapita. Sote tuliwahi kuona haya juu ya wakubwa wetu. Lakini wiki mbili baadaye ukaniambia unakwenda kuzungumza mbele ya watu chuoni kwako, na usiku wake ukajizoeza hapa jikoni, mimi ndiye hadhira. Ukaeleza jinsi majirani wa Leiden wakitoka kuzika walirudi nyumba ya marehemu wakanywa, wakala, wakatania, wakacheka mpaka wahubiri wao wakapiga kelele na wakubwa wa mji wakatunga sheria kuwazuia, na wao wasizuilike. Ukaeleza jinsi baadaye matajiri walivyoanza kujitenga, wakakodi wabebaji, wakazika jioni kwa taa ili waonekane wa maana, na majirani wakaachwa nje. Sauti yako ikapanda. Ukasema ule mzaha haukuwa ulevi wala ukosefu wa adabu, ulikuwa namna ya kichochoro kuliziba pengo lake. Ukasema waliowazuia hawakuelewa walichokuwa wanakitazama.

Nilikutazama nikasubiri. Nikasema sasa atayasikia maneno yake mwenyewe, sasa hivi karatasi zitamwanguka mkononi. Ukaniuliza tu, "Imekaa vizuri, Bibi?"

Nikasema imekaa vizuri. Kesho yake walikupigia makofi, ukarudi na maua.

Mholanzi akicheka msibani ni elimu, wanampigia makofi. Bibi yako akicheka msibani analetewa kiti cha magurudumu. Sikusema. Nilijifanya mtu mzima, nikakunja mdomo nikauweka kabatini, na hilo ni kosa langu la pili, kubwa kuliko la kwanza. Ningekurushia hata kandambili siku ile ile tungekuwa tumemaliza. Nilidhani kunyamaza ni heshima. Nikinyamaza mimi hujua watu wamenielewa, kumbe wanajua wameniweza. Katika maisha yangu mambo niliyoyanyamazia ndiyo yaliyonigharimu. Niliyoyapigia kelele yote yamesahaulika, hata na niliowapigia.

Maana wakati nimenyamaza, neno lako lilikuwa linatembea. Lilifika Brampton kwa baba yako. Baba yako si mtu mbaya, ni mtu anayelala mchana na kufanya kazi usiku kwenye yale maghala ya uwanja wa ndege, na mtu wa namna hiyo akisikia neno dimensha halali tena hata mchana. Akanipeleka kwa daktari.

Haya, na huko nako nilifanya ujinga ambao sijakuambia. Daktari alikuwa mwanamke mpole, na mkalimani alikuwa kwenye simu imewekwa mezani. Daktari akauliza la kwanza, mkalimani akatafsiri, na mimi nikasikia lafudhi. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?"

"Tabora, mama."

Sikudhani, ningefanyaje? Februari nzima nina utani umenikwama kooni, haki yangu sijapewa, halafu Mungu ananiletea Mnyamwezi kwenye simu! Nikasema, "Kumbe ni wewe, mpagazi! Babu zako walibeba meno ya tembo, wewe umepunguziwa, unabeba maneno. Leo nakuzika mzimamzima."

Kisha nikamsikia anamweleza daktari yote, neno kwa neno, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Daktari akaandika.

Akaniuliza leo ni siku gani. Nilijua ni Jumanne. Jumanne ndiyo siku ya kuku wa bei nafuu pale plaza na nilikuwa nawaza kuku watakwisha. Lakini nilikuwa nimekwisha panda. Nikasema, "Mwambie ni siku ya Wanyamwezi kulipa madeni." Akatafsiri na hilo. Daktari akaandika tena. Akanionyesha picha ya faru niitaje jina, nikasema, "Huyu ni mjomba wake huyo wa kwenye simu." Baba yako akainamisha kichwa akashika paji la uso.

Nilipomsimulia Mama Kabula, alipocheka akamaliza ndipo akaniambia kwamba wale wakalimani wa simu wanatakiwa kutafsiri kila kitu, hata ukipiga chafya. Na yule kijana pengine Tabora ameisikia kwa mama yake tu, kama wewe na Kisarawe. Kwa hiyo hilo la daktari simtwiki mtu. Nilijichongea mwenyewe.

Lakini la tatu ni lako, na ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Juzi Jumapili baba yako alikuja. Mlidhani nimelala. Akakuambia nafasi imepatikana kwenye nyumba ya wazee karibu na kwao, na Jumatatu inayokuja anatakiwa kuwajibu, na akikubali hii nyumba yetu ya kupanga inarudishwa kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Nilimsikia sauti yake, alikuwa anaomba. Akasema, "Siku, wewe ndiye unaishi naye. Daktari alimwona nusu saa, wewe unamwona kila siku. Niambie ukweli. Bibi anasahau?"

Na wewe ukasema, "I don't know, Dad. Maybe."

Huenda! Wewe uliyetafuta miwani yako na mimi nikakuambia iko nyuma ya kopo la majani ya chai. Wewe ambaye kila asubuhi nakukumbusha kadi ya basi. Wewe unayeniuliza mimi jina la mwalimu wako wa darasa la tatu. Huenda?

Nilikaa kitandani nikakasirika mpaka masikio yakavuma. Kisha hasira ilipopoa nikakuelewa, na kukuelewa ndiko kulikonikera zaidi, maana mtu akikuelewa hana tena raha ya kukuchukia. Hukusema vile kwa sababu unaamini. Ulisema kwa sababu unakwenda. Ukiniacha mikononi mwa manesi unapanda ndege moyo mweupe. Ukiniacha hapa peke yangu kila theluji ikianguka huko Uholanzi utawaza bibi ameteleza. Huenda yako ni mto umeuweka chini ya kichwa chako ulale. Naujua mto huo. Mimi nilipopanda ndege kuja huku kukulea wewe, nilimwacha dada yangu Mwantumu na mguu wake mbovu, na watu waliponiuliza atakaa na nani, nilisema, "Ana watu wengi." Hakuwa na watu wengi. Nilihitaji awe nao.

Sasa nisikilize, maana sikuombi ubaki. Ukibaki kwa ajili yangu nitakufukuza kwa mwiko. Nenda. Ila usinizike ili uweze kwenda.

Unadhani niko peke yangu. Hukuuliza, ndiyo maana hujui. Tangu uliponisimulia wale wafalme wa vichochoro, nimewaibia kanuni yao. Mimi na Mama Kabula, na yule mama Mtamil wa mlango wa mbele, na Mzee Mjamaika mwenye mbwa asiyeruhusiwa na tunayemficha sote. Kila asubuhi kila mmoja anatoa kandambili moja nje ya mlango wake. Jua likishapanda juu ya lile jengo la pili, Mama Mtamil anapita ukumbini. Pasipo na kandambili, anagonga. Asipojibiwa, anaita wengine, funguo tumeachiana. Majira ya baridi yaliyopita Mzee Mjamaika hakuitoa. Tulimkuta ameanguka bafuni, yu hai, anatutukana kwamba tumemwona uchi. Wewe ulikuwa umelala chumba cha pili, umevaa vile vidude vya masikioni, unasoma habari za ujirani.

Nami nikifa, wapo wa kuja. Kanuni ni lazima, si ombi. Mama Kabula amekwisha niambia kwamba atavaa kilemba changu cha njano na kuigiza ninavyowagombeza watu wa lifti, na kwamba jeneza langu litalala hapo hapo mpaka apewe kuku wawili, si mmoja, kwa kuwa mume wake alitoka bila mtani wa kumzuia. Ana haki. Huko kwenye nyumba ya wazee nani atanidai kuku? Watanifunika shuka na kunitoa kwa mlango wa nyuma, na hakuna atakayecheka, na baba yako atabaki amekakamaa hivyo hivyo mpaka na yeye afe.

Hilo ndilo lililopo mezani. Si miwani, si majiko niliyosahau kuzima, maana sijasahau hata moja. Ni kama nitaishi siku zilizobaki na watu wanaonijua kwa matusi yangu, au na watu wanaonijua kwa namba ya kitanda. Na neno la kuamua hilo si la daktari. Baba yako hakumwamini daktari, alikuuliza wewe.

Kwa hiyo mwambie. Usimpigie ukiwa Leiden, sauti inakatikakatika, unasema "Dad, by the way". Mwambie kesho. Huna haja ya hotuba. Mwambie siku ile ya Mzee Maganga uliona haya, ukasema uongo wa haraka, na uongo ukakushinda mbio. Mwambie utani ni nini. Umeusomea kuliko sisi sote, una hata picha. Mwambie na habari ya kandambili. Atakasirika. Atakasirika sana, atagonga usukani, kisha atapumua, nawajua wanaume niliowazaa. Utaona mabega yake yanashuka. Tangu Februari yamemganda masikioni.

Ukishindwa, sitakulaani, wala sitakuharibia safari. Nitakwenda kwenye hiyo nyumba ya wazee na nitawasumbua manesi mpaka wanikome. Lakini hutaweza kuwasoma hao Waholanzi, mke mwenzangu. Kila ukurasa utakaofunua utanikuta nimekaa hapo kwenye kiti cha magurudumu.

Karatasi hii naiweka juu ya viatu vyako, maana ndicho kitu pekee huwezi kutoka bila kukiona. Kesho saa tisa baba yako anakuja kutuchukua. Wewe utakaa mbele. Mimi nitakaa nyuma na mabegi. Barabara ya 401 itakuwa imeziba kama kawaida, kwa hiyo muda mtakuwa nao, na gari likiwa kwenye foleni dereva hawezi kumkimbia mtu. Nikiingia tu nitafumba macho, nitaegemea dirisha, nitakoroma kidogo ili msinionee haya. Anza hapo. Akinitazama kwenye kioo, usinyamaze, endelea.

Bibi yako,
Siwazuri binti Pazi